Ufunguo wa Geti Unalala kwa Nani?

Dalali akimpeleka mteja kuona chumba Mbagala au Tabata, maelezo yake huwa yaleyale. Maji yapo, na yakikatika kuna simtangi. Umeme ni wa luku, kila mpangaji na mita yake. Choo kipo ndani. Kisha hufika kwenye sifa anayojua kwamba ndiyo itakayomaliza mazungumzo, nayo ni usalama. Huzigonga nondo za dirisha kwa ncha ya ufunguo zilie, akaonyesha geti la chuma, akaeleza kwamba likishafungwa saa tano usiku haingii mtu wala hatoki mtu. Mteja huridhika, hulipa kodi ya miezi sita, akahamia.

Mazungumzo ya leo yanahusu nusu ya pili ya sifa hiyo, ile ya kwamba hatoki mtu.

Chumba cha kupanga kina mpangilio unaojulikana na kila aliyewahi kuishi humo. Kitanda husukumwa hadi ukutani, upande wa ndani kabisa, mara nyingi chini ya dirisha. Kabati na sofa hujaza katikati. Jiko la gesi huwekwa karibu na mlango, kwa kuwa huko ndiko kuliko na hewa na ndiko mvuke wa chakula unakotokea. Mchana mpangilio huo hauna kasoro. Lakini moto ukianzia kwenye jiko usiku, umeanzia kati ya kitanda na mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni hadi ikutane na cheche. Aliyelala amebakiwa na dirisha peke yake, na dirisha limechomelewa nondo kutoka kona hadi kona.

Na muda wenyewe ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Majaribio ya taasisi ya Underwriters Laboratories ya Marekani yalionyesha kwamba chumba chenye samani za siku hizi, zile za sponji na vitambaa vya plastiki, kinaweza kuwaka chote kwa chini ya dakika 5. Chumba chenye samani za zamani za mbao na pamba kilichukua karibu nusu saa. Kabla ya miali kumfikia mtu, moshi huwa umeshamfikia, na moshi una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza aliyelala asiweze hata kuamka. Zimamoto wawe wepesi namna gani, katika dakika hizo tano huwa bado wako barabarani. Kinachomwokoa mpangaji ni mlango na dirisha alivyovikuta siku alipohamia.

Nyumba za mwambao hazikuwa hivi tangu mwanzo. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyojaa Magomeni, Ilala na Temeke, na ambayo hadi leo inapangishwa chumba kimoja kimoja, ilikuwa na jibu la tatizo hili ndani ya ramani yake. Mbele kuna mlango unaotokea barazani. Katikati inapita korido, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Nyuma kuna mlango wa pili unaotokea uani, kwenye choo, bafu na jiko. Moto ukishika upande wa mbele, watu hutokea nyuma. Ukishika nyuma, hutokea barazani. Jiko lenyewe lilikuwa nje, mbali na vitanda.

Kilichotokea baadaye kinafahamika. Mwenye nyumba aliongeza mabanda ya kupangisha uani, yakaziba mlango wa nyuma. Vyumba vya mbele vikageuzwa fremu za maduka. Ukuta ukazungushwa, geti moja likawekwa. Jiko likahamia ndani ya vyumba. Usiku pikipiki za bodaboda zikaanza kulazwa koridoni, tangi la petroli likiwa hatua mbili kutoka kwenye milango ya watu. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake ya pesa au ya ulinzi, na hakuna hata moja lililofanywa kwa nia mbaya. Ila nyumba iliyokuwa na njia mbili imebaki na moja, na wapangaji wameongezeka.

Serikali za Afrika Mashariki zinalijua jambo hili, kwa sababu zimeshazika watoto kwa ajili yake. Watanzania wa rika fulani wanaukumbuka Juni 1994, wasichana 42 walipoteketea katika bweni la sekondari ya Shauritanga, Rombo. Wakenya wanaukumbuka usiku wa Machi 2001 katika sekondari ya Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni, ukaagiza waziwazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango ifunguke kwa nje, na bweni liwe na mlango kila upande pamoja na wa dharura katikati. Mwongozo haukutosha kuzuia kila msiba, na Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Hata hivyo kanuni ipo, na mzazi anaweza kuishika mkononi akamuuliza mwalimu mkuu.

Sasa mwanafunzi huyohuyo hufunga shule akarudi nyumbani. Analala kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja, na dirisha hilo lina grili ile ambayo bwenini imepigwa marufuku.

Ukimwuliza mwenye nyumba, jibu lake ni wezi. Jibu hilo lina ukweli na halifai kubezwa. Mtu aliyeibiwa televisheni na simu kupitia dirishani hahitaji mtaalamu amweleze faida ya nondo. Lakini hoja ya wezi imeshasikika mahali pengine na matokeo yake yanajulikana. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle katika jiji la New York kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji. Kiwanda kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wamiliki walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja wakakaguliwe mikoba wasiibe vitambaa. Ngazi ya chuma ya nje, iliyowekwa ili iwe njia ya kukimbilia, ilipinda kwa uzito wa watu na joto la moto, ikaanguka nao. Wamiliki walishtakiwa, na Desemba mwaka huohuo wakaachiwa huru, kwa sababu baraza la wazee wa mahakama halikuridhika kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Katika kesi ya vifo 146, swali kubwa lilikuwa la ufunguo: nani alijua, na ulikuwa wapi.

Kwa nyumba za kupanga, New York ilikuwa imeanza mapema zaidi. Februari 1860 nyumba ya wapangaji ya Elm Street iliungua, na watu wapatao 20 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Sheria ya nyumba za wapangaji ya mwaka 1867 iliwataka wenye nyumba waweke njia ya kukimbilia moto, nayo ya 1901 ikakaza masharti hayo. Ngazi zile nyeusi za chuma zinazoshuka mbele ya majengo, ambazo kila mtazamaji wa sinema za Marekani amezizoea, hazikuwekwa kwa urembo. Ziliwekwa kwa sababu sheria ilimlazimisha mwenye nyumba. Tangu mwaka 1968 majengo mapya ya jiji hilo hayaruhusiwi kuzitegemea; ni lazima yawe na ngazi za ndani zilizokingwa na moshi, kwani ngazi ya nje huota kutu, huteleza wakati wa barafu, na wapangaji huijaza maua na baiskeli.

Jambo la kujifunza zaidi kutoka jiji hilo ni namna lilivyoamua kati ya mwizi, mtoto na moto. Sheria ya New York inamtaka mwenye nyumba ya ghorofa aweke vyuma vya kinga dirishani palipo na mtoto wa miaka 10 au chini, ili asianguke. Sheria hiyohiyo inakataza vyuma hivyo kwenye dirisha linalotokea kwenye ngazi ya moto. Mpangaji anayeogopa wezi anaruhusiwa kuweka grili hata kwenye dirisha hilo, kwa sharti kwamba iwe ya aina iliyoidhinishwa, inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Grili ya kufuli ni kosa. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinasema vivyo hivyo: chuma chochote kilichowekwa kwenye dirisha la kukimbilia lazima kifunguke kwa ndani bila ufunguo, bila kifaa, na bila kuhitaji ujuzi maalumu.

Hapo ndipo mabishano ya wezi na moto yanapokwisha. Nondo zinaweza kubaki. Kinachotakiwa ni zifunguke.

Kazi hiyo haimshindi fundi yeyote wa kuchomelea aliye kando ya barabara. Fundi hukata fremu ya ndani ya grili, akaiweka bawaba mbili upande mmoja na komeo upande wa pili, kwa ndani. Pembeni ya komeo huchomelea kipande cha bati, ili mkono unaopenya kutoka nje usilifikie. Hakuna kufuli. Uwazi wa kutosha mtu kupita una vipimo vyake: England, kwa nyumba mpya, dirisha la kukimbilia halitakiwi kuwa na uwazi chini ya mita za mraba 0.33, wala kuwa jembamba kuliko sentimita 45 upande wowote, na ukingo wake wa chini usizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Uwazi wa sentimita 45 kwa 75 unatosha kutimiza kipimo hicho. Baada ya hapo kinachobaki ni matunzo: komeo litiwe mafuta, na nyumba ikipakwa rangi lijaribiwe, maana rangi ikikauka juu yake huligandisha, na hakuna atakayejua hadi siku ya shida. Mtoto wa miaka minane aweze kulifungua gizani.

Katika majengo ya ghorofa dirisha pekee halisaidii. Pipeline, huko Embakasi, Nairobi, majengo ya vyumba vya kupanga yamepanda juu yakiwa yamebanana, mengi yakiwa na ngazi moja nyembamba, korido zenye vyuma, na geti moja chini ambalo msimamizi wa ploti hulifunga usiku. Anayeishi juu hana pa kurukia. Njia yake ni ngazi, na ngazi ikijaa moshi njia imekwisha.

London imelipa gharama ya ngazi moja. Usiku wa Juni 14, 2017, jengo la Grenfell, la ghorofa 24, lenye nyumba nyingi za kupanga za halmashauri, liliungua kuanzia kwenye friji ya nyumba moja ya ghorofa ya nne. Moto ulipanda kwa nje kupitia vibamba vilivyobandikwa ukutani, na watu 72 wakafa. Jengo lote lilikuwa na ngazi moja. Serikali ya Uingereza imeamua kwamba majengo mapya ya makazi huko England yenye kimo cha zaidi ya mita 18 lazima yawe na ngazi mbili, na sharti hilo linaanza kutumika Septemba 30, 2026.

Mlango nao una kazi yake. Januari 9, 2022, jengo la Twin Parks, Bronx, New York, lilijaa moshi baada ya hita ya umeme kuwaka katika nyumba moja ya ghorofa za chini. Watu 17 walikufa, wanane kati yao watoto, wengi wakiwa wa familia zilizotoka Gambia. Moto wenyewe haukufika mbali. Moshi ndio ulioenea jengo zima, kwa sababu mlango wa nyumba iliyowaka haukujifunga wenyewe baada ya watu kukimbia, ingawa sheria ya jiji inadai milango ya namna hiyo ijifunge. Anayetoka kwenye chumba kinachowaka, akiwa amehakikisha wote wametoka, aufunge mlango nyuma yake. Huo ni msaada mkubwa kwa waliobaki juu.

Na je, nani anawajibika? Swali hilo liliulizwa Johannesburg, na waliouliza ni pamoja na familia za Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso la ghorofa tano, Marshalltown, liliungua, na watu 76 wakafa, wakiwemo Watanzania na Wamalawi waliokwenda kutafuta maisha. Ndani, kumbi zilikuwa zimegawanywa kwa mbao na mapazia kuwa vyumba vya kulala. Baadhi ya mageti yalikuwa yamefungwa kwa kufuli, na watu waliruka kutoka madirishani. Miezi kadhaa baadaye mtu mmoja alikiri kuwa ndiye aliyewasha moto. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe haikuishia kwake. Ilisema kwamba jiji la Johannesburg, lililokuwa mmiliki wa jengo, lilijua hali yake tangu angalau mwaka 2019 na halikutimiza wajibu wake wa kisheria. Maana yake ni kwamba aliyewasha moto ana kosa lake, na mmiliki aliyeacha njia zimefungwa ana la kwake.

Wenye ndugu Ghuba wafuatilie pia yaliyotokea Mangaf, Kuwait, Juni 12, 2024. Jengo lililopangishwa kwa kampuni na kulaza wafanyakazi wapatao 196 liliungua alfajiri kuanzia chini, na watu wapatao 50 wakafa, wengi wao kutoka India. Vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa vifaa vinavyoshika moto, na waliokimbilia juu walikuta mlango wa paa umefungwa. Vijana wetu wengi wanaokwenda kufanya kazi Muscat, Doha na Kuwait hulala katika nyumba za aina hiyo. Wanapopiga simu nyumbani siku ya kwanza, baada ya kuulizwa kama wamefika salama, waulizwe pia kama mlango wa paa unafunguka.

England sheria haimwachii mwenye nyumba hiari. Nyumba inayokaliwa na watu watano au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko au choo kwa pamoja, inahitaji leseni chini ya Sheria ya Makazi ya 2004, na leseni hiyo inafuatana na masharti ya moto. Tangu Oktoba 2015 kila nyumba ya kupanga ya mtu binafsi lazima iwe na king'ora cha moshi kila ghorofa, na mwenye nyumba anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 5,000.

Huku kwetu sheria hazikosekani. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayolipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti vya usalama wa moto. Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya zimamoto, na kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Pengo liko kwenye miguu ya mkaguzi, maana hukanyaga hotelini, kiwandani, kituo cha mafuta na kwenye ghorofa za mjini. Nyumba ya vyumba sita iliyoongezwa mabanda uani, yenye familia nane, hupita miaka bila kufikiwa na mtu anayeuliza watu wanatokea wapi. Afisa wa kodi ya majengo huifikia. Mjumbe wa shina huifahamu. Halmashauri zikitaka, zinaweza kuanza kwa swali moja kwenye kila nyumba inayopangishwa: grili zinafunguka, au hazifunguki?

Wakati hilo likingojewa, mpangaji ana wakati mmoja wa nguvu, nao ni kabla ya kutoa pesa. Akiwa bado na kodi mfukoni, maneno yake yana uzito ambao mwezi wa tatu hautakuwepo. Ajaribu dirisha kwa mkono wake. Aulize geti linafungwa saa ngapi, ufunguo unalala kwa nani, na mwenye ufunguo akisafiri inakuwaje. Atazame mlango wa nyuma kama upo au umezibwa kwa magunia ya mkaa. Kwenye ghorofa, apande hadi paani aone kama mlango unafunguka. Akiridhika, aombe sentensi mbili ziandikwe kwenye mkataba: kwamba angalau dirisha moja la chumba cha kulala litafunguka kutoka ndani bila ufunguo, na kwamba geti litakuwa na kitasa cha kufungulia kwa ndani saa zote. Mpangaji naye aahidi, katika mkataba huohuo, kutoweka pikipiki, madumu ya mafuta wala mkaa koridoni na kwenye ngazi.

Mwenye nyumba anayesikiliza, na ambaye vyumba vyake vimeshajaa, asisubiri mkataba mpya. Amwite fundi wa kuchomelea wiki hii, amwanzishe kwenye dirisha la chumba wanacholala watoto, kisha ahamie kwenye geti. Na namba ya zimamoto, 114 kwa Tanzania, iandikwe kwa rangi koridoni, mahali inapoonekana na aliyeamka usingizini.